Muunganisho wa video wa projekta

Muunganisho wa video wa projekta ni njia ya kupeleka picha kutoka kwenye chombo kinachoitoa, kama vile kompyuta, king'amuzi, deki ya DVD au simu, hadi kwenye projekta inayoionyesha ukutani au kwenye skrini. Njia hiyo inaweza kuwa waya au mawimbi ya redio. Aina zinazokutwa zaidi nchini Tanzania ni VGA, HDMI na nyaya tatu za AV. DisplayPort, USB-C na muunganisho usio na waya zinazidi kuonekana kadiri kompyuta mpya zinavyoingia.

Uchaguzi huanza na matundu yaliyopo kwenye vyombo vyote viwili, si na waya unaouzwa dukani. Muunganisho unaofaa ni ule unaofikisha picha kwenye projekta bila kugeuzwa, au ikibidi kugeuzwa basi mara moja tu. Kila mgeuzo huongeza gharama, na huongeza kitu kimoja zaidi kinachoweza kuharibika.

Kosa katika uchaguzi huu lina uzito zaidi mahali palipo mbali na maduka makubwa. Mnunuzi wa Turwa mjini Tarime, au wa Mugumu wilayani Serengeti, anayeagiza waya kutoka Mwanza au Dar es Salaam hawezi kuurudisha mchana huohuo, na semina au kipindi cha darasani hakisubiri basi.

Historia

Projekta za filamu za zamani hazikuwa na tatizo la muunganisho, kwa sababu picha ilikuwa kwenye utepe uliopita ndani ya projekta yenyewe. Ndivyo zilivyoonyeshwa vijijini filamu za elimu zilizotengenezwa Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937. Tatizo lilianza picha ilipotenganishwa na projekta na kuanza kuja kwa waya.

Deki za VHS zilitoa picha kwa waya wa AV. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilileta VGA pamoja na kompyuta zake za PS/2, na kwa zaidi ya miaka 20 tundu hilo lilikuwa la kawaida kwenye kompyuta na projekta za ofisini. DVI ilifuata mwaka 1999, HDMI 2002, DisplayPort 2006 na USB-C 2014.

Desemba 2010 kampuni kadhaa, zikiwemo Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG, zilitangaza kwamba zingeiacha VGA hatua kwa hatua. Kompyuta mpakato za sasa kwa kawaida hazina tundu hilo. Projekta, hata hivyo, hazikuondoka kwa kasi hiyohiyo. Taa ya projekta hudumu kwa maelfu ya saa na hubadilishwa ikiungua, kwa hiyo projekta ya shule inayowashwa saa chache kwa wiki inaweza kufanya kazi miaka kumi na zaidi. Hapo ndipo projekta ya VGA inapokutana na kompyuta ya HDMI, na sehemu kubwa ya usumbufu wa watumiaji hutokana na kukutana huko.

Analojia na dijitali

Maneno haya mawili yalizoeleka Tanzania wakati wa kuzimwa kwa mitambo ya televisheni ya analojia, kazi iliyoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Tofauti inayohusika ndani ya waya wa projekta ni ileile.

Katika analojia, ung'avu wa kila sehemu ya picha huwakilishwa na kiasi cha umeme kinachopanda na kushuka. Waya ukiwa mrefu au hafifu, umeme huo hupungua na kuchanganyika na mwingine wa jirani. Picha haipotei ghafla bali hufifia: herufi hupata kivuli pembeni, rangi hupauka, mistari huanza kutembea. AV, S-Video na VGA ni za kundi hili.

Katika dijitali, picha husafiri kama tarakimu. Tarakimu zikifika salama, picha ni kamili. Zisipofika, skrini huwa nyeusi, hujaa vidoa vinavyometameta, au picha huja na kukatika. Kwa sababu hiyo, katika umbali wa mita moja au mbili, waya wa HDMI wa bei ya juu uliopakwa dhahabu hautoi rangi nzuri kuliko waya wa kawaida usio na kasoro. Fedha ya ziada ina maana kwenye waya mrefu tu, na hata hapo inalipia uimara wa waya, si uzuri wa rangi.

Aina za miunganisho

AV ni waya wenye plagi tatu za duara: ya manjano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Picha yote, yaani mwanga na rangi pamoja, hupita kwenye waya mmoja wa manjano, na katika mfumo wa PAL uliotumika Tanzania huwa na mistari 576 inayoonekana. Inatosha kwa mpira na filamu za deki. Haifai kwa maandishi, kwani jedwali la alama za wanafunzi lililopitishwa kwenye AV halisomeki hata na aliyekaa dawati la mbele. S-Video, yenye plagi ndogo ya duara na pini nne, hutenganisha mwanga na rangi na kutoa picha safi kidogo, lakini haibebi sauti na vyombo vyenye tundu hilo vimekuwa adimu.

Kuna pia nyaya tatu za kijani, buluu na nyekundu, ambazo zote ni za picha. Hutoa picha nzuri zaidi kuliko AV. Kosa la kawaida ni kuuchukua waya wake mwekundu na kuuchomeka kwenye tundu jekundu la sauti, kwa kuwa plagi zinafanana kabisa.

VGA hutambulika kwa plagi yenye umbo la herufi D, mara nyingi ya buluu, yenye safu tatu za pini na skrubu mbili za kuikaza. Imepangiwa pini 15, ila nyaya nyingi hukosa pini moja ya safu ya katikati kwa makusudi. Mtumiaji asidhani imevunjika. Pini iliyopinda ni jambo jingine. Rangi tatu za msingi hupita kila moja kwenye pini yake, kwa hiyo rangi ya skrini huonyesha palipo na tatizo. Ukurasa mweupe ukionekana wa manjano, buluu haifiki. Ukionekana wa zambarau iliyopauka, kijani haifiki. Ukiwa wa samawati, nyekundu haifiki. Mara nyingi tiba ni kuchomoa plagi, kunyoosha pini kwa uangalifu na kukaza skrubu, wala si kununua projekta nyingine.

VGA haibebi sauti. Projekta nyingi pia zina matundu mawili ya VGA yanayofanana, moja la kupokea picha na jingine la kuitoa kwenda kwenye skrini nyingine. Aliyechomeka kompyuta kwenye tundu la kutoa hatapata kitu, hata waya uwe mzima. Maandishi madogo kando ya tundu ndiyo yanayotofautisha, nayo husomwa vizuri kwa tochi ya simu.

DVI ilikuwa daraja kati ya VGA na HDMI. Plagi yake ni pana na huwa na skrubu. Aina ya DVI-D hubeba dijitali pekee, DVI-A analojia pekee, na DVI-I zote mbili. Picha ya dijitali ya DVI na ya HDMI zinalingana, kwa hiyo adapta ndogo isiyo na mtambo wowote hutosha kuziunganisha.

HDMI ina pini 19 na hubeba picha na sauti kwa waya mmoja. Kwa nyumba au ofisi inayonunua projekta mpya, hii ndiyo ya kuchagua kwanza, kwa kuwa kompyuta, king'amuzi, deki na vifaa vya michezo vyote huitoa. Matoleo yake hutofautiana kwa uwezo. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 hufikisha picha ya 4K kwa mara 30 kwa sekunde, na 2.0 la mwaka 2013 kwa mara 60. Kwa projekta ya Full HD au chini ya hapo tofauti hizo hazina athari. Kamera na kompyuta ndogo huweza kuwa na HDMI yenye tundu dogo zaidi, nazo huhitaji waya wenye plagi ya ukubwa huo upande mmoja.

DisplayPort hufanana na HDMI kwa mbali, ila ina kona moja tu iliyokatwa na pini 20. Hupatikana zaidi kwenye kompyuta za ofisini. Adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI ni rahisi kupatikana, lakini hufanya kazi upande mmoja tu. Haiwezi kuchukua picha ya HDMI na kuipeleka kwenye DisplayPort.

USB-C ndiyo inayopotosha wengi, kwa sababu umbo la tundu halielezi uwezo wake. Tundu moja linaweza kuchaji, kuhamisha mafaili na kutoa picha. Jingine linalofanana nalo kabisa huchaji tu. Kwenye kompyuta, alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt kando ya tundu ni dalili nzuri. Kwa simu, simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kwa waya, na adapta ya kawaida haiwezi kuzipa uwezo huo. Waya wenyewe pia una aina: waya uliokuja na chaja mara nyingi haubebi picha.

Tundu la kawaida la USB lililo nyuma ya projekta ni la kusomea flashi au kutoa umeme mdogo. Kuunganisha kompyuta hapo kwa waya wenye plagi za USB bapa pande zote mbili hakuleti picha, na kunaweza kudhuru mojawapo ya vyombo. Baadhi ya projekta hupokea picha kupitia tundu la USB la mraba, lakini huhitaji programu ya mtengenezaji iwekwe kwenye kompyuta kwanza.

Muunganisho usio na waya hutumia njia kama Miracast, iliyotangazwa mwaka 2012, na AirPlay kwa vyombo vya Apple. Miracast huunganisha vyombo viwili moja kwa moja, hivyo haihitaji bando wala intaneti, ingawa video iliyoko mtandaoni bado itahitaji intaneti ya kuifikia. Picha huchelewa kidogo. Kwa slaidi ucheleweshaji huo hauonekani, kwa michezo ya kompyuta unaudhi. Katika ukumbi wenye simu nyingi zilizowashwa, muunganisho huu unaweza kukatika, na ndiyo maana ofisi inayoutumia hufanya vizuri kuwa na waya akiba.

Kugeuza HDMI kuwa VGA

Kwa kuwa HDMI ni dijitali na VGA ni analojia, waya mtupu hauwezi kuziunganisha. Lazima katikati kuwe na kigeuzi, yaani mtambo mdogo wa kielektroniki unaosoma tarakimu na kutengeneza umeme unaopanda na kushuka. Madukani huitwa konvata. Kipo cha kisanduku na kipo kilichofichwa ndani ya plagi. Zipo pia nyaya zenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili zisizo na mtambo wowote ndani, na hizo hazitatoa picha kwa mpangilio wowote ule. Muuzaji makini atakubali waya ujaribiwe kabla ya kulipwa, na mnunuzi hana sababu ya kuona haya kuomba hivyo.

Kigeuzi kina mwelekeo. Cha kutoka HDMI kwenda VGA humfaa mwenye kompyuta mpya na projekta ya zamani. Cha kutoka VGA kwenda HDMI humfaa mwenye kompyuta ya zamani na projekta mpya. Hivi ni vifaa viwili tofauti, hata maboksi yake yakifanana. Kigeuzi cha kwanza hupata umeme kutoka kwenye HDMI yenyewe, lakini baadhi ya vyombo hutoa umeme usiotosha, na hapo tundu dogo la USB pembeni mwa kigeuzi hutumika kukiongezea. Chenye tundu la spika ni bora, kwa kuwa sauti iliyokuja na HDMI haina pa kutokea kwenye VGA.

Kikwazo kingine ni HDCP, kinga dhidi ya kunakili iliyowekwa kwenye HDMI. King'amuzi au deki inaweza kukataa kutoa picha ya kipindi kilicholindwa ikiona kwamba upande wa pili si chombo kinachoitambua kinga hiyo. Menyu huonekana vizuri, kisha kipindi kikianza skrini huwa nyeusi. Watumiaji wengi hulaumu projekta. Kwa king'amuzi chenye HDMI na AV pamoja, na projekta isiyo na HDMI, AV ndiyo njia isiyo na ugomvi, japo picha yake ni ya chini.

Kisanduku cha kugeuza AV kuwa HDMI hutangazwa kwa maandishi makubwa ya 1080p. Kweli hutoa picha yenye pikseli nyingi, lakini hakiwezi kuongeza kilichokosekana kwenye AV. Picha iliyoingia hafifu hutoka hafifu, ila kubwa.

Pikseli na umbo la picha

Kila projekta ina idadi yake asilia ya pikseli, ambayo haibadiliki. Zinazokutwa sana ni SVGA yenye 800 × 600, XGA yenye 1024 × 768, WXGA yenye 1280 × 800 na Full HD yenye 1920 × 1080. Mbili za kwanza zina umbo la 4:3 linalokaribia mraba, ya tatu ni 16:10 na ya mwisho 16:9.

Projekta ikipokea picha kubwa kuliko idadi yake, huipunguza kabla ya kuionyesha, na herufi nyembamba hupoteza mistari yake. Ndiyo maana kompyuta iliyounganishwa na projekta ya XGA hupangwa itoe 1024 × 768 badala ya kuachwa kwenye 1920 × 1080. Kwa mwalimu anayeonyesha ramani au ukurasa wa kitabu cha kiada, hatua hiyo isiyo na gharama huleta nafuu kubwa kuliko waya mpya.

Hapa pana mtego wa biashara. Maboksi ya projekta ndogo za bei nafuu huandikwa kwamba zinapokea 1080p au hata 4K. Kupokea si kuonyesha. Projekta inaweza kukubali picha hiyo kupitia HDMI kisha kuibana kwenye pikseli chache ilizo nazo. Namba ya kuulizia dukani ni ya pikseli asilia.

Urefu wa waya

Projekta hukaa mita kadhaa kutoka ukutani, na ikitundikwa darini waya hulazimika kupanda, kupita juu na kushuka hadi mezani. Urefu hupimwa kwa njia atakayopita waya, si kwa mstari wa macho. HDMI ya shaba ya kawaida hutegemewa hadi mita 10 hivi kwa picha ya Full HD, na pungufu ya hapo kwa 4K. Zaidi ya hapo hutumika HDMI yenye nyuzi za kioo, ambayo ina upande wa chombo na upande wa projekta, na ukigeuzwa haifanyi kazi. Kwa kumbi kubwa kuna mfumo wa HDBaseT unaopitisha picha hadi mita 100 kwenye waya wa mtandao wa kompyuta, kwa kisanduku kimoja kila upande. VGA nzuri hufika mita 15 na zaidi, herufi zikianza kupata kivuli taratibu. Waya wa USB-C wenye kubeba picha huwa mfupi, mara nyingi mita moja au mbili.

Waya mmoja mrefu ni bora kuliko miwili iliyoungwa. Kwa waya unaozikwa ukutani au kupitishwa darini, ni busara kupitisha bomba la plastiki pana, ili waya utakaokuja badala ya HDMI miaka ijayo uvutwe bila kubomoa.

Hitilafu za kawaida

Maandishi ya kukosa ishara yakionekana ukutani, projekta ni nzima na taa yake inawaka. Tatizo liko kabla yake. Kwanza hubonyezwa kitufe cha Source au Input kwenye rimoti hadi lifikiwe jina la tundu lililotumika. Kisha, kwenye kompyuta yenye Windows, hubonyezwa kitufe cha Windows pamoja na herufi P na kuchaguliwa kurudufisha au kupanua picha. Hatua hizi mbili hutatua kesi nyingi. Zikishindwa, waya huchomolewa, projekta huwashwa kwanza, kisha waya hurudishwa, kwa sababu vyombo hivi huulizana idadi ya pikseli vinapokutana na mazungumzo hayo huweza kukwama.

Picha ikija bila sauti kupitia HDMI, huenda kompyuta imeipeleka sauti kwenye spika ndogo ya projekta, au projekta haina spika kabisa. Sauti hurudishwa kwenye spika za kompyuta kupitia alama ya spika chini ya skrini.

Mistari mipana inayopanda polepole kwenye picha ya VGA au AV, ikiambatana na mvumo kwenye spika, hutokana na vyombo kuchomekwa kwenye soketi zenye ethi tofauti. Kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzima kwa kawaida huondoa mvumo. Kukata pini ya ethi pia huuondoa, lakini ni hatari kwa maisha na hakupaswi kufanywa.

Sehemu za nyanda za juu za Tarime ziko zaidi ya mita 1500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi hupoza taa kidogo. Projekta nyingi zina mpangilio wa maeneo ya juu unaoongeza kasi ya feni. Haubadilishi picha, ila projekta inayojizima baada ya nusu saa huku ikidhaniwa ina waya mbovu huweza kuwa inahitaji mpangilio huo tu, au kupanguswa vumbi kwenye kichujio chake.